Joka Tusilolitaja

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri, mvua haijanyesha, na moyo wangu mzito.

Wanaonisoma humu mtandaoni wananijua kwa hadithi ya joka. Hii ni wiki ya kumi na joka lenyewe halijaonekana. Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, litakuja lini? Tumechoka kuogopa." Nilicheka peke yangu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Maana siri ya hofu naijua. Joka halionyeshwi mapema. Unaanza na mbuzi wanaokataa kutoka zizini. Kisha maji ya kisima yanakuwa vuguvugu. Kisha inakuja harufu ya kuungua, na moto hauonekani. Kila mtu kijijini ana sababu yake ya kusema si kitu. Na jina lake halitajwi kabisa. Hilo nililiiba kwa marehemu bibi, aliyekuwa akitukataza kusema "nyoka" jua likishatua. Tuseme "kamba", asije akasikia anaitwa.

Jana nilikuwa kazini, katika duka la kuchapisha nyaraka pale Kona ya Musa. Wateja hakuna, nikaandika orodha ya dalili za sura inayofuata. Nilipoisoma tena, niliweka kalamu chini.

Orodha ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Mama analima mwani Kibuyuni. Tangu Ramadhani hainui mkono wa kushoto sawasawa. Kapu lake analibeba mama mdogo Riziki. Leso anaifunga juu sana, hata akiwa jikoni na joto lote lile. Ana harufu ambayo udi hauifichi. Na sote tunasema "kile kijipu". Kijipu gani cha miezi saba? Siku moja nilimkuta akibadilisha nguo, nikaona titi limevutika ngozi kama ganda la chungwa lililokauka. Nikageuza uso. Nikaenda zangu kuandika joka.

Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo nimekwenda kwake. Nimemkuta yeye na mama mdogo wanaanika mwani, Mama akitumia mkono mmoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuzungukazunguka. Yote yakanipotea.

"Mama, naogopa ni saratani."

"Astaghfirullah!" Mama mdogo aliangusha fungu zima la mwani mchangani. "Usiuite huo ugonjwa, we mtoto!"

Mama hakushtuka. Aliendelea kutandaza mpaka mwani ukamwisha mkononi.

"Mimi najua kitambo," akasema. "Nilikuwa nawaogopea nyinyi. Nikasema, wakiwa tayari, wataniambia wenyewe."

Miezi saba! Yeye akitungoja sisi, sisi tukimngoja yeye, na kila mmoja akidhani anamhurumia mwenziwe.

Nimelia palepale, mbele ya majirani.

Tumekubaliana Jumanne asubuhi, hospitali, Msambweni. Mama mdogo atakuja nasi, ingawa mpaka naondoka hakuwa akisema nami. Kabla sijaondoka Mama aliniita chumbani, akaniambia nimfungue leso nitazame vizuri, maana daktari atauliza na yeye ataona haya kujibu. Safari hii sikugeuza uso. Ngozi imeshapasuka. Ni kidonda.

Basi, wewe uliyeuliza joka litakuja lini. Hadithini bado liko nyuma ya kilima, na naweza kulizuia huko nitakavyo. Kwetu lilishaingia ndani tangu Ramadhani, nasi tukalipisha njia kwa adabu.

Kesho ni Jumatatu. Sikuwahi kujua kwamba Jumanne iko mbali hivi.