Mayai ya Mwisho ya Kishingo

6 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu tulilelewa hivyo. Mimi mzima. Hali yako nitaiuliza nikishapoa.

Mashine ya kutotolesha niliyokuazima umeirudisha inang'aa kama sahani ya wageni. Nikaiamini, nikapanga humo mayai ya mwisho ya kuku wa mama, wale kishingo wasio na manyoya shingoni, maana ugonjwa wa kideri umefagia banda langu lote. Jana nimeyapasua moja moja. Vifaranga vimefia ndani, vimeoza, nyumba nzima inanuka. Ndipo nikafungua feni. Nikakuta manyoya, maganda, na ute wa yai viza lililopasukia humo likakauka. Umesugua nje tu. Mashine ikishaangua huoshwa ndani kwa sabuni, ikapigwa dawa, ikaachwa ikauke kabisa. Nilikueleza mpaka koo likanikauka.

Vifaranga ulivyoangua wewe najua umeshauza, huna subira ya kufuga. Mama hakutuachia shamba wala nyumba, alituachia kuku. Umewamaliza.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mwili nao ni mzima, maana ulimi nimeusikia hauna homa.

Feni sikuifungua, ni kweli, na nimeumia. Lakini usinitwishe msiba wote. Nani hufunua kifuniko kila akipita, kama anaonja mchuzi? Joto linatoka, unyevu unatoka, halafu mbaya ni mimi. Na nani alichagua mashine isiyogeuza mayai yenyewe, eti zinazogeuza ni za wavivu?

Nani alikwambia nimeuza? Mayai uliyonipa yalikuwa ya kuku wa mama, na kishingo wapo hapa uani kwangu, wanaruka ukuta. Hukuuliza. Ulianza kutukana.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Kumbe mimi naomboleza, wewe umenyamaza na kuku. Jumamosi namtuma dereva wa pikipiki na tenga. Mpe jogoo na mitetea wawili. Na hizo shikamoo zako usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako

22 Juni

Dada,

Shikamoo, na hii ni ya kweli.

Tenga limerudi tupu, umeliona. Sikumpa. Tangu tumzike mama hujakanyaga kwangu. Mashine ulituma, mayai ulituma, matusi ukatuma, sasa umetuma na tenga. Nina hasira kukushinda, dada, basi tu sijui kuzipanga kama wewe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kuku wa mama wapo. Anayewataka aje achague mwenyewe.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo?

Nakuja Jumapili na mashine. Feni utaifungua wewe, na utaiosha mimi nimesimama hapo hapo. Sijakusamehe. Ila nitandikie kitanda, maana mashine haikauki kwa siku moja.

Dada yako