Eda ya Bibi Yako

Mkunazini, Unguja
Machi 1971

Mjukuu wangu Shaame,

Waraka wako wa Kairo umetufikia, nasi tu wazima. Mchele tunaupata kwa foleni, na paa limeshazibwa. Nilimsomea bibi yako waraka wote, pamoja na hoja yako ya falsafa kwamba uongo ni uovu hata ukimwokoa mtu. Hoja umeipanga vizuri. Tangu siku hiyo anafunga, anasema ni kafara.

Hili hatujakuhadithia. Mwaka sitini na nne watu wenye silaha walikuja kunitafuta. Nilijificha chini ya kitanda. Bibi yako, Bi Kidawa, akawajibu nyuma ya mlango, "Mume wangu kafa juzi, nami nimo edani. Mtaingiaje?" Wakanong'onezana, wakatoa pole, wakaenda zao.

Sasa ananiambia, "Nlikuua kwa ulimi wangu, Bwana Mcha."

"Basi maiti anaomba chai," namjibu. Hacheki.

Falsafa, mjukuu wangu, huuliza kama uongo unafaa, na jibu lake hulitaka liwatoshe watu wote. Fasihi humsimamisha mtu mmoja nyuma ya mlango, ikatuacha naye pale. Nimejaribu kumtuliza kwa hoja nikashindwa, maana hoja yako ina nguvu kuliko zangu.

Kwa hiyo mwandikie tena. Safari hii mtungie hadithi ya mwanamke anayegongewa mlango. Ukifika pale anapoulizwa mumewe yuko wapi, simama, umwombe bibi yako akwambie mwanamke huyo ajibu nini.

Babu yako aliye hai,
Mcha Nahodha