Susu, Nimeongoza Mwethya

Susu,

Jana wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kulima, walichimba matuta shambani kwa Mwikali, na aliyeanzisha wimbo ni mimi, mjukuu wako. Nimetanguliza hilo kwa sababu nashindwa kukaa nalo. Natembea nikicheka peke yangu.

Tangu tukuzike, hali haikuwa hivi. Unakumbuka nilivyokuwa besi ya kwaya hapa Nunguni, watu wakigeuka kanisani kutafuta ngurumo inatoka wapi. Nilipoanza kuvaa gauni, mwalimu wa kwaya aliniondoa kwa wanaume, na kwa wanawake akanikataa. Wewe ulikuwa umezoea kuniita "mume wangu," maana nilipewa jina la babu. Siku niliyokwambia mimi ni mwanamke, uliendelea kuchambua mbaazi mpaka ukamaliza. Kisha ukanipa jina la mama yako mzazi, ukasema, "Basi utakuwa mama yangu, Kalunde. Kaa, mama, tule." Hukuuliza zaidi.

Dawa za daktari wa Nairobi zimenibadilisha ngozi na kifua. Sauti hazikuigusa. Daktari alinionya: hiyo utaifanyia kazi mwenyewe. Nimeifanyia, Susu. Nikisonga ugali naimba midomo imefungwa, naitoa sauti kifuani taratibu, naileta mbele mpaka nihisi meno yakitetemeka. Mwanzoni ilikatika vibaya. Kuna siku nilikataa kuongea na mtu yeyote kwa aibu. Niliogopa kwamba nimeua ile ya zamani na mpya haitakuja. Na mimi bila kuimba... ni nani?

Ndipo Mwikali, rafiki yako asiyejua kunong'ona, aliposimama mlangoni. "Wee Kalunde, unavuma humu ndani kama nyuki! Kesho njoo na jembe. Tangu susu yako aende na nyimbo zake, tunachimba kama watu waliogombana."

Nilienda. Nikaanzisha juu, juu kabisa, asipatikane wa kusema nasikika mwanamume. Hakuna aliyeitikia. Majembe yalishuka ovyo, kila moja kivyake. Mwikali akanyoosha mgongo: "Hiyo ni ya ndege! Sisi tumeinama hapa. Tushushie!" Wakacheka wote, hata mimi.

Lakini niliogopa kushuka. Kisha nikakukumbuka: ile sauti yako nzito, ya mikwaruzo, uliyoishusha makusudi ili aliyeinama apate pumzi ya kuitikia. Hakuna aliyewahi kukuita mwanamume.

Nikashuka. Sikufika kwenye besi, ile nimeiacha. Nilisimama mahali katikati ambapo sikuwahi kuimba maishani, na koo halikuuma. Wakaitikia! Majembe yakapanda pamoja, yakatua pamoja. Susu, nililia nikiimba, na wimbo haukukatika.

Wakati wa kula, mke mgeni aliyeolewa huku kutoka Kabati aliuliza sauti hiyo nimeitoa wapi. Mwikali akajibu mdomo umejaa muthokoi: "Ni yake, amejitengenezea. Wewe kula."

Pumzika sasa, Susu yangu. Kabla mvua haijaanza tutakwea mpaka kwenye mteremko wako, ule uliotuachia kabla hujaumaliza, tuuchimbe wote mpaka mtoni. Nakuahidi nitaanzisha mimi, na sitangoja mtu aniite.

Kalunde