Ulifunga kwa Ajili ya Gauni Langu

Mama Feza,

Nimeolewa. Najua ulikuwa na hamu ya kusikia neno hilo kuliko hata mama yangu mzazi, ndiyo maana ninaliweka mbele. Nimeolewa na Célestin wangu, wiki sita sasa, na kila asubuhi ninamtazama anavyolala, ninajiziba mdomo nisicheke kwa furaha. Akitoka bandarini anakoandika mizigo, analeta samaki wawili wabichi, mikebuka wa ziwani, na kuniita jina langu toka barabarani, mpaka majirani wanatutania. Mama, ninapendwa! Ningetamani barua hii iishie hapo.

Haiwezi. Furaha yangu ina kitu chini yake, nami nimekaa juu yake kama mtu aliyekalia nguo aliyoiiba.

Ulipokubali kuwa mareni, mama msimamizi wa ndoa yetu, nilidhani utanifundisha kumpikia mume na kunyamaza mbele ya wakwe. Jumatano ya kwanza, tukichambua maharagwe uani kwako, ukaniuliza nimelala saa ngapi, nimekunywa maji mara ngapi, na wiki ile nimemkasirikia nani. Nikasema, huku nikijikanda shingo, kwamba nimemkasirikia Ruti, dada yake Célestin. "Basi njo maana shingo inakuuma," ulisema, ukanituma nikaongee naye kwanza, ndipo nirudi kwenye somo. Ulinitembeza kando ya ziwa mpaka nikatoka jasho. Ulisema muntu hana vipande: mwili ukinyimwa usingizi, akili inagombana na watu, na roho inasali kwa mdomo tu. "Mbele ya kuuliza telefone habari ya asubuhi, uliza mwili wako!" Ulinilisha mboga ya lengalenga, ukaninyang'anya soda, ukanifundisha kukaa kimya kidogo kabla ya sala, nijue kwanza nimekuja na moyo gani. Nililala vizuri miezi ile. Nilianza hata kuyapenda mapaja yangu.

Kisha tukaenda kujaribu gauni.

Lilikuwa la kukodi, jeupe kama maziwa, lina ushanga kifuani. Nilikuwa nimelipenda kwenye picha tu. Zipu ilifika katikati ya mgongo, ikakataa. Ruti alicheka mpaka akakaa chini. "Weye, ulikula bukari ya avenue nzima?" Wote walicheka kwa ugali huo wa mtaa mzima, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nimeamua kutokula mpaka zipu ipande.

Siku iliyofuata nilikuja kwako. Ulinitilia chakula, nikakisogeza. "Mbona haukule?" Ningeweza kusema ukweli. Ungenigombeza, tungecheka, ungemwita fundi. Badala yake niliinamisha macho kama mtakatifu nikasema, "Niko nafunga, Mama. Siku tatu. Naombea ndoa yetu."

Nakumbuka uso wako ulivyong'aa. Ulisukuma sahani yako pia. "Mutoto wangu hawezi kufunga peke yake. Njo kazi ya mareni."

Mama, nilijua una sukari. Mimi ndiye niliyekuandikia maagizo ya daktari kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, ukayabandika mlangoni: kula kidogo kidogo, usikae na njaa, dawa baada ya chakula. Nilijua. Nikakuambia, "Usijisumbue, Mama," kwa sauti ndogo, mara moja tu, kisha nikanyamaza.

Mume wako, Papa Simoni, alikuwa amesafiri Moba kwa mazishi, hakuna mtu mzima aliyeona vyungu vyako vikikaa kavu. Siku ya pili niliona mikono yako inatetemeka. Ulikuwa unameza dawa zako kwa maji matupu. Neno moja lingetosha: Mama, kula, ni gauni tu. Lakini ningesema hivyo ungejua nilikuwa nimemtumia Mungu kujificha, nami niliogopa macho yako kuliko nilivyoogopa ile mikono. Jioni ile nilikwenda kujaribu gauni tena. Zipu ilikuwa imepanda kidogo. Nilifurahi. Naandika hivi nikiwa nimeinama, lakini nilifurahi.

Asubuhi ya tatu ulianguka jikoni. Nilikupakia kwenye pikipiki, wewe katikati, mimi nyuma nikikukumbatia, jasho lako lilikuwa baridi. Daktari aliuliza ulikula lini mara ya mwisho. Nilimwambia siku, na kwamba ulikuwa unafunga kwa sala. Sikusema sala ya nani, wala kwamba haikuwa sala. Ulifumbua macho mara chache tu. Siku ya tano ukaondoka duniani.

Ndoa ilisogezwa miezi miwili. Siku ya sherehe Papa Simoni alisimama mbele ya watu wote, amevaa koti ulilompigia pasi wewe kila Pasaka, akasema, "Mke wangu aliwapa hawa watoto tumbo lake. Alifunga kwa ajili yao mpaka akafa." Vigelegele vikapanda. Watu walinitazama nikilia, wakadhani ni upendo.

Ningenyamaza mpaka kufa, nakuambia kweli. Lakini mwezi huu akina mama wa kanisa walipanga kufunga siku tatu kwa ukumbusho wako. Wanasema, "Tufunge kama Mama Feza alivyotufundisha." Wewe! Wewe uliyetufundisha kula! Na wa kwanza kuinua mkono alikuwa Mama Kalunga, yule mwenye sukari kama yako. Alisema wewe ulikuwa mgonjwa na hukuogopa, mbona yeye aogope.

Usiku ule sikulala, na asubuhi Célestin akaniuliza shingo ina nini. Nikamwambia yote. Aliinuka, akasimama mlangoni akinipa mgongo. Nilidhani ameniacha hapo hapo. Kisha akatafuta viatu vyangu, akaviweka mbele yangu. "Twende kwa Papa. Mimi nitabaki inje. Utaingia peke yako."

Papa Simoni alinisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Nilitegemea kelele. Nilitegemea kofi, na ningeshukuru. Aliuliza neno moja tu:

"Na ile robe ya ndoa, ilikuingia?"

"Ilikuwa kubwa, Papa. Nilikonda kwa kilio. Ruti aliibana na pini mgongoni."

Alitikisa kichwa polepole. Akasema nitoke. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Akina mama utawaambia weye mwenyewe. Mimi kinywa changu hakiwezi kubeba neno hilo."

Leo nimewaambia. Nilisimama mbele yao, nikasema hukufunga kwa kudharau ugonjwa, ulifunga kwa sababu nilikudanganya. Hakuna aliyeniita mwanangu. Mmoja alisema, "Kumbe tulipigia muongo vigelegele." Mama Kalunga alijifunga kitambaa chake upya, taratibu, akanitazama. "Nitakula, na dawa nitameza," alisema. "Lakini nyumbani kwako sitakanyaga." Wakatoka wote. Nilibaki kupanga viti.

Atakula, Mama. Hilo ndilo nililokuja kukupa, na ni dogo, na limechelewa.

Sikuombi unisamehe kwa sababu ya barua. Nakuahidi hiki: mtu yeyote atakayesifu ndoa yangu kwa sababu ya mfungo wako, nitamsimamisha hapo hapo, hata mbele ya wakwe, hata mbele ya watoto nitakaozaa, nimwambie ilivyokuwa. Na nitakula. Leo sina hamu hata ya tonge moja, lakini Célestin amepika bukari mwenyewe, ina madonge, ananiita kwa mara ya tatu. Ninakwenda kukaa naye.

Pumzika, Mama Feza, bila njaa.

Mutoto wako,
Nyota