Baba, ya Mwamkulu Haitupwi

Baba yangu uliyelala Mwamkulu,

Ulizoea kunikuta kibandani kwangu mtaani Kashaulili nimeinamia laptop, ukauliza, "Imekukataa tena?" Nami nikajibu, "Kesho itanikoma." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Wiki hii nimebishana na mwenye masikio, si mashine, baba. Ni mkubwa mmoja wa Dar aliyeitaka programu yangu ya kusoma mizani ya magunia, ile niliyoiandika kwa lugha ya C. Kwenye kompyuta zake mpya inakwenda vizuri. Kwenye ile kuukuu ya ghala la Mwamkulu ilinidhalilisha. Nilitunza uzito kwa miligramu, utadhani napima dhahabu, nikaamini kila mashine ina nafasi ya namba kubwa vile. Ile kuukuu haina; namba ikiizidi, inageuka kuwa hasi. Jumla ya siku ikashuka chini ya sifuri. Mama Shija wa ghalani akapiga simu: "We mtoto, hapa naambiwa sina mahindi na bado nadaiwa!"

Mkubwa akasema, "Waambie wanunue mpya. Zile za zamani zifute kwenye orodha."

Orodha hiyo, ndani ya programu, ilikuwa ya majina ya mashine: fulani ifanyiwe hivi, fulani vile. Nikakukumbuka tulipohama na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kila tulipofika, baba mdogo aliuliza jina la kijiji, akishalijua anaswaga. Wewe ulizuia kundi. "Ng'ombe watakunywa jina?" Kisha ukawauliza wenyeji: maji yapo? Mashamba yenu yako upande gani? Tupite wapi?

Basi nikafuta orodha, baba. Yote, pamoja na hizo mpya zake. Sasa, kabla ya kazi kuanza, programu inamhoji kompaila, yule mkalimani wa maandishi yangu kwa mashine: namba yako inabeba kiasi gani? Unaanza kuiandika upande upi, kushoto au kulia? Mashine isiyoweza inapewa njia nyingine. Hakuna inayoulizwa jina.

"Sikukuagiza hivyo," mkubwa akafoka.

"Uliniagiza nifute, bosi."

Akasema nirudishe ilivyokuwa au mkataba hakuna. Nimemjibu kwa maandishi: ataichukua pamoja na Mwamkulu, au ataiacha. Hajanijibu. Asijibu. Mikono yangu iliyoiandika bado ninayo.

Jana Mama Shija alipima mpaka jioni, jumla ikasimama sawasawa. Nilikaa pembeni nikisubiri mtu aniulize kama imenikataa.

Imejibu, baba. Lala.

Binti yako mbishi