Misa ya Saa Tatu

Jumamosi, 3 Mei
Maungamo hadi saa kumi na moja. Watu sita. Kisha kikao cha halmashauri ya walei, na jambo ni lile lile: Misa ya saa tatu. Wasoga, wenyeji wa hapa Jinja, wanataka iwe ya Kilusoga. Askari wa kambi ya Kimaka na walinzi wa magereza, wengi wao kutoka kaskazini, wanataka ibaki ya Kiswahili. Kila upande unataka mwenzake ndiye aamke kusali Misa ya kwanza, ya saa moja.

Katekista Isabirye alisimama. "Fada, hiyo lugha ya bunduki isitufuate mpaka altareni." Akaketi. Mama Akello, mjane wa sajini, ndiye kiongozi wa kwaya ya Kiswahili. Alitoka nje akilia.

Nimechoka nao wote.

Jumapili, 4 Mei
Nimehubiri umoja. Dakika arobaini, kwa Kiswahili. Nilijiona nimehubiri vizuri. Isabirye alikaa mbele, akitazama sakafu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mimi Mmasaba wa Mbale. Kiswahili nilikipata seminari, Kenya, na ndicho ninachoandikia humu. Hapa Jinja si lugha ya kabila lolote, kwa hiyo ni ya wote. Ndivyo ninavyowaambia. Sijui wanashindwa wapi kuelewa.

Jumatatu, 5 Mei
Nimefanya jambo baya.

Baada ya chakula cha mchana nilijirekodi sauti kumtumia padre rafiki yangu aliyeko Mbale. Nikamwaga uchovu wangu wote. Nikasema, "Huyu katekista wangu hana dini. Ana ukabila tu." Nikatuma.

Haikwenda kwake. Ilikwenda kwenye kundi la parokia.

Niligundua baada ya nusu saa. Nikafuta. Walikuwa wameshasikia.

Jumanne, 6 Mei
Nilichukua boda hadi Wanyange, kwa Isabirye. Mke wake alipiga magoti kunisalimu, kama kawaida yake. Hakuniangalia usoni. Akasema mzee hayupo. Viatu vya mzee vilikuwa pale mlangoni.

Nikarudi.

Jumatano, 7 Mei
Funguo za sakristia zimeletwa ndani ya bahasha. Hakuna barua. Miaka ishirini na sita alizitunza yeye.

Jumapili, 11 Mei
Jumapili ya Mchungaji Mwema. Viti nusu vitupu.

Wasoga wamesali Wanyange, chini ya turubai, bila padre. Isabirye ameongoza masomo na rozari. Nilisoma barua ya kuomba radhi, kurasa mbili. Niliiandika usiku kucha na nilijivunia baadhi ya sentensi. Naona aibu kukiri hilo.

Mama Akello alinisubiri nje. "Fada, barua ni mzuri. Lakini ule mwenye ulitukana ako wapi?"



Alhamisi, 15 Mei
Isabirye ameanguka juzi shambani. Kiharusi. Binti yake Nabirye, muuguzi Mbale, amemchukua kumtibu huko. Nimezipata habari sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa akimweleza mwenzake. Alipomaliza aligeuka, akaniona, akaondoka.

Wanasema Fada amemuua mzee. Sijui kama wanakosea.

Ijumaa, 16 Mei
Mbale. Ukungu umefunika mlima Wanale. Nyumbani kwetu ni mwendo mfupi tu kutoka hospitali, sikupita.

Nabirye alinizuia kwenye korido. Hakupandisha sauti. Nayaandika maneno yake kabla sijaanza kuyalainisha.

"Fada, ulishawahi kumuuliza baba kwa nini?"

Nikasema hapana.

"Babu yangu alichukuliwa na askari, wakati ule wa utawala wa jeshi. Baba alikuwa na miaka tisa, amejificha chini ya kitanda. Lugha yao, Kiswahili, hakuijua. Alishika neno moja tu: twende. Babu hakurudi tena. Na kila Jumapili, wakati wa matoleo, kwaya yako inaimba twende, twende, na watu wanapiga makofi."



"Mbona hakuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa unahubiri."

Kisha akaniruhusu kuingia. Mdomo wa mzee umepinda, upande wa kulia umekufa. Macho ni mazima. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa Kilusoga changu kibovu. Nilitaka kumshika mkono ule mzima. Akauondoa, akauficha chini ya shuka. Alikubali nimpake mafuta ya wagonjwa kwenye paji la uso. Alifumba macho. Basi.

Hakunisamehe, au alinisamehe nami sikujua. Sitajidanganya.

Jumatatu, 19 Mei
Amefariki alfajiri. Nabirye alipiga simu. "Mama anasema utamzika wewe. Ni paroko wake. Hakuna zaidi ya hapo."

Nilikaa kitandani hadi saa nne. Sikuweza kusali.

Jumanne, 20 Mei
Nimemwomba Nabirye ruhusa, akanipa. Nikaenda kumsimulia Mama Akello habari ya yule mtoto chini ya kitanda. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria. Akaiweka chini.

"Bwanangu alikuwa askari," akasema. "Na mimi nilikuwa naimba kwa nguvu, Fada, juu ya vile mzee alikuwa ananiangalia vibaya."

Tulilia wote wawili.

Jumatano, 21 Mei
Maziko, Wanyange. Misa kwa Kilusoga, mwanzo hadi mwisho. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi mmoja wa mbele alinisahihisha kwa sauti, nami nikarudia.

Mbele ya jeneza nikasema: nilisema mtu huyu hana dini. Nilimsingizia. Mtoto alilia mahali, akanyonyeshwa.

Mama Akello alifika na watu kumi na wanne wa Kimaka na magereza. Hakuna aliyevaa sare. Nilimuuliza kama wataimba.

"Leo tunanyamaza, Fada. Mzee apumzike."

Wanaume wao walichukua majembe wakafukia kaburi pamoja na vijana wa Isabirye. Baadhi ya Wasoga walisogea mbali. Mmoja alitema mate. Mwingine alileta jagi la maji, akawapa wote, akianza na askari. Walifukia tu, mpaka kwisha.

Jumapili, 1 Juni
Viti bado havijajaa. Wanyange wamerudi wachache, familia nne. Saa ya Misa haijaamuliwa. Kwaya imeuacha ule wimbo, na hakuna aliyewaamuru.

Sikuhubiri umoja. Nilieleza Injili kwa ufupi nikaketi.

Mchana nilikwenda kwa mjane wa Isabirye. Alinipa kiti, yeye akakaa mkekani. Akaanza kusimulia alivyoolewa, kwa Kilusoga. Nisipolijua neno namwomba alirudie. Analirudia polepole, halafu ananitazama kuona kama limeingia. Nilielewa nusu.

Mvua ikaanza. Tuliingiza kuku pamoja, kisha tukakaa tena, akaendelea pale alipoachia.