Usitume Tena Miwani ya Mama

Mji Mkongwe,
Meknes.
9 Novemba 2019

Mpendwa kaka Lahsen,

Assalam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji Sumia, na watoto? Mgongo je, bado unakusumbua na baridi ya huko Rotterdam? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila nimechoka, kaka. Hata kalamu naiona nzito.

Miwani uliyomtumia Mama kwa ajili ya Idi ilifika salama. Fremu nzuri za rangi ya dhahabu, majirani wote wameonyeshwa. Lakini vioo ni vya kipimo kilekile alichopimwa alipokuja kwako, wakati Sumia ana mimba ya Rim. Rim sasa anasoma shule.

Nilianza kushtuka kwenye chai. Unamjua Mama na birika lake, lazima aliinue mpaka begani ili chai ishuke na povu. Basi gilasi za katikati zinajaa, za pembeni anazikosa, anamwagia sinia. Shangazi Batul akamtania mbele ya wageni, "Zhor, leo unainywesha sinia?" Mama akacheka. Alipofika jikoni akalia.

Nikampeleka kwa muuza miwani na kile cheti cha vipimo vya macho cha huko kwako. Yule bwana akakirudisha, eti kimekwisha muda, hakati vioo mpaka macho yapimwe upya. Mama akamjibu, "Kwani macho yangu ni maziwa hata yaharibike?" Na kupimwa hapa hataki, eti ni kumvunjia heshima mwanawe aliyempeleka kupimwa Ulaya! Tumebishana wee, mwisho nikamwambia twende hospitali tukamjulie hali mgonjwa. Mgonjwa akawa yeye.

Daktari amekuta presha ya macho. Haiumi wala haiwashi. Inakula pembeni kidogo kidogo, na mwenye macho hana habari kwa sababu mbele bado anaona. Ndiyo maana cheti kinawekewa mwisho, kaka. Namba za vioo hubadilika, na ukirudi kupima ndipo wanapolichungulia jicho lenyewe kwa ndani. Mama hakurudi. Sehemu aliyopoteza haipatikani tena, daktari kasema waziwazi. Iliyobaki inalindwa kwa dawa ya matone kila jioni, na kila jioni ni vita, maana anafumba macho kama mtoto.

Sikulaumu. Ulituma kwa mapenzi, naye alivaa kwa mapenzi. Lakini usitume tena. Nawe kapime, ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Usingoje uumwe, hutaumwa.

Nisalimie Sumia, Ilyas na Rim. Shangazi Batul naye anawasalimu sana. Mola awahifadhi, na nuru ya macho yenu aiache mahali pake.

Mama amenisikia nikikuandikia, anataka niongeze haya: "Mwambie aje. Na akija asikae ubavuni kwangu kama alivyozoea. Akae mbele, nimwone."

Dada yako akupendaye,
Ghizlan